Kukosa choo majuma na majuma: magonjwa yanayojificha nyuma ya haya

Kwa miezi mitano, mama mkubwa hakumwambia mtu kwamba choo kimekataa. Ni dada ya mama yangu mzazi, anauza sambaza na ndagala kavu kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, na wateja wake wanamjua kwa kicheko. Alianza kwa kupunguza chakula cha usiku. Kisha akaacha maharagi. Kisha akawa ananunua kila juma vidonge vya kuharisha kwenye farmasi ya kando ya barabara, na jioni binti yake anamsaidia na lavema: pwari ya mpira, maji ya uvuguvugu, na majani ambayo jirani alileta akisema yanafungua hata tumbo la ng'ombe. Nafuu ya siku mbili, halafu siku tano tumbo gumu kama ngoma.

Alikwenda kituo cha afya mara mbili. Mara ya kwanza walimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili walimpa dawa ya amibe. Mara zote mbili alitoka na karatasi mkononi, na hakuna aliyemlaza kitandani kumgusa tumbo. Mara ya tatu, kwenye hospitali nyingine, alimkuta munganga kijana aliyemuuliza kama anaona damu, kama amepungua kilo, kama choo kimekuwa chembamba. Yote ilikuwa ndiyo. Munganga akavaa kinga ya mkono, akamwomba ruhusa, akampima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Dakika moja. Kidole kilikutana na uvimbe mgumu. Baada ya kipande cha nyama kupelekwa kupimwa, ikawa ni kansa.

Nilipojua nilikasirika, zaidi juu yangu mwenyewe. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali asubuhi hadi jioni, na kwa miezi mitano sikumuuliza mwanamke aliyenilea swali moja dogo: mama, unaenda choo? Amenikubalia niandike habari hii kwa sharti moja, nisitaje jina lake.

Kwanza tusitishane. Watu wengi waliofunga choo hawana kansa, na wengi hawana ugonjwa mkubwa wowote. Lakini nyuma ya tumbo linalofunga kwa majuma mengi panaweza kuwa na mambo mengi tofauti, na baadhi yake yako karibu sana na maisha yetu ya Kivu, kuanzia kisiwa cha Idjwi hadi vyoo vya makambi ya Goma.

Ni lini inakuwa shida

Si kila mtu anayeruka siku ni mgonjwa. Kwa mtu mzima, kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa juma ni hali ya kawaida, ikiwa choo ni laini na kinatoka bila vita. Chini ya mara tatu kwa juma, au choo kigumu cha vipande vipande kama cha mbuzi, au kusukuma hadi jasho, au kutoka chooni ukisikia kwamba kuna kitu kimebaki ndani, hapo tumbo limefunga. Ikitokea baada ya safari, homa au wakati wa huzuni, mara nyingi inapita yenyewe. Ikifika miezi mitatu, waganga wanaiita ya muda mrefu, na hapo haitoshi tena kulifungua tumbo. Lazima kutafuta kinacholifunga.

Utumbo mpana una urefu wa karibu mita moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji kutoka kwa mabaki ya chakula na kuyasukuma hadi mwisho. Mabaki yakikaa sana, yanakauka. Kwa hiyo kila kisa cha kukosa choo kinarudi kwenye moja kati ya haya: mabaki ni machache au makavu, utumbo unasukuma polepole, kuna kitu kinaziba njia, au mlango wa mwisho unakataa kufunguka.

Chakula, maji, na choo chenyewe

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba kufunga choo ni ugonjwa wa wazungu na wakubwa wa ofisi. Maneno hayo yana chanzo. Denis Burkitt, munganga mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa na tabia ambayo wenzake waliicheka: kupima uzito wa choo cha watu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha hesabu zao. Wanakijiji wa Uganda, wanaokula ndizi, maharagi na majani, walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi. Kwa wanamaji wa Uingereza, waliozoea mkate mweupe, ilikuwa karibu gramu 100, na safari ilizidi siku tatu.

Lakini mwanakijiji wa Burkitt si mkaaji wa mjini wa leo. Asubuhi mkate na chai, mchana hakuna kitu, jioni bugali wa unga mweupe na samaki. Sombe na lengalenga viko sokoni, maharagi pia, ila makaa ya kupikia maharagi yana bei. Na maji? Goma mji umelala juu ya mawe ya volkano, ziwa liko mbele ya macho, lakini kwenye mitaa mingi maji yanafika kwa bidoni na kwa pesa. Mama anayegawa bidoni moja kwa kupika, kuosha watoto na kufua, yeye mwenyewe anakunywa mwisho.

Kisha kuna choo chenyewe, jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Wakati makambi ya Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya yalipojaa wakimbizi, kuchimba shimo katika mawe yale kulikuwa kazi ngumu, na familia nyingi zilitumia mlango mmoja. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yanafuata ni choo kimoja kwa watu 20, na hata hicho hakikufikiwa kila mahali. Wanawake waliogopa kutoka usiku. Wanafunzi wa shule nyingi za mijini wanajua habari hiyo kwa namna yao: choo kichafu, bila mlango, kwa hiyo unabana hadi unarudi nyumbani. Ukibana mara nyingi, mwili unaacha kukuita. Mfuko wa mwisho wa utumbo unatanuka, na hausikii tena kwamba umejaa.

Kuna pia mlango unaobana bila mwenyewe kutaka. Misuli ya chini ya tumbo inapaswa kulegea wakati wa kusukuma, na kwa watu wengine inafanya kinyume, inakaza. Inatokea baada ya uzazi mgumu, baada ya kuchanika au kupasuliwa sehemu za chini, na pia kwa watu waliotendewa ubakaji. Katika jimbo letu, ambako hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 imepokea maelfu ya wanawake wa namna hiyo, hili si jambo la pembeni. Kwao pwari na vidonge vinasaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni mazoezi ya misuli pamoja na mtaalamu wa viungo, na kusikilizwa.

Dawa inayotibu huku na kufunga kule

Swali la pili ambalo munganga mzuri anauliza, baada ya tangu lini, ni: unakunywa dawa gani? Mama mjamzito anayepewa vidonge vya chuma kwenye CPN anaanza kuona choo cheusi na kigumu. Mimba yenyewe tayari inalegeza utumbo, na chuma kinaongezea. Asiache vidonge, kwa sababu upungufu wa damu unaua akina mama wakati wa kujifungua. Aseme tu, wabadilishe saa au kipimo, au waongeze dawa laini ya kufungua.

Tramadol ni habari nyingine. Inauzwa kwenye farmasi nyingi kama karanga, na vijana wa kubeba mizigo, wachimbaji na madereva wa pikipiki wanaimeza ili mwili usisikie uchovu. Iko katika jamii moja na kodeini na morfini, na zote zinalaza utumbo. Mtu anayepewa morfini kwa maumivu ya kansa anapaswa kuandikiwa dawa ya kufungua tumbo tangu siku ya kwanza, bila kungoja afunge. Kwenye orodha hiyo weka pia baadhi ya dawa za tansio kama verapamil, dawa za vidonda vya tumbo zenye aluminiamu, amitriptyline inayotolewa kwa maumivu ya mishipa au kukosa usingizi, na dawa za kutuliza msokoto wa tumbo. Vidonge vya kukojoza vinavyotolewa kwa tansio vinaweza kupunguza chumvi ya potasiamu katika damu, na bila potasiamu ya kutosha misuli ya utumbo inachoka.

Na dawa ya kuzuia kuhara! Mzee amelala kitandani majuma mawili, choo kimeganda ndani kama jiwe, halafu majimaji yanaanza kupita pembeni ya jiwe lile na kuchafua shuka. Nyumba inasema anahara, inampa loperamide. Hapo wanafunga mlango uliokuwa tayari umefungwa.

Shingo ya Idjwi na tumbo la polepole

Wazee wa Kivu wanakumbuka watu wa Idjwi wenye goita, ule uvimbe mkubwa wa shingoni. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, kati yao François Delange na André-Marie Ermans, waliifanya Idjwi kuwa mahali panapojulikana na waganga wa tezi duniani kote. Waliona kwamba udongo wa kisiwa ni maskini wa iyodi, madini ambayo tezi ya shingo inahitaji. Lakini waliona pia jambo la ajabu: kaskazini mwa kisiwa goita ilikuwa nyingi kuliko kusini-magharibi, na iyodi ilikuwa chache pande zote mbili. Utafiti huo uliwapeleka kwenye muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unaacha sumu kidogo, mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia iyodi kuingia kwenye tezi. Iyodi kidogo pamoja na muhogo mbaya, shingo inavimba.

Goita na choo vinakutana wapi? Tezi ya shingo ndiyo inayoamua mwendo wa mwili mzima. Ikichoka, kila kitu kinaenda polepole: moyo, mawazo, ngozi, na utumbo pia. Mtu anasikia baridi wakati wengine wanatoa jasho, anaongeza kilo bila kula sana, ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, mwanamke anaona hedhi nyingi, na choo kinakuja mara moja kwa juma. Kila dalili peke yake inaonekana ndogo. Watu wanasema amezeeka, au ana mawazo, au amerogwa.

Chumvi yenye iyodi iliyoenea nchini tangu miaka ya 1990 imepunguza sana hali ile ya zamani, ingawa chumvi ikiachwa wazi juani sokoni iyodi yake inapotea. Lakini tezi kuchoka bado kunatokea kwa sababu nyingine, hasa kwa wanawake. Na kuna kundi moja ambalo linasahauliwa: watu waliopasuliwa goita miaka iliyopita. Tezi ikitolewa yote au sehemu kubwa, mtu anahitaji kidonge cha levothyroxine kila siku maisha yake yote. Nimekutana na wengi wenye kovu shingoni wasiojua hilo. Kama una kovu hilo na choo kinakusumbua, omba wapime damu yako kipimo kinachoitwa TSH. Ni kipimo kimoja, na dawa yake si ya ajabu.

Ugonjwa wa sukari nao, ukikaa miaka bila kudhibitiwa, unaharibu mishipa ya fahamu inayoendesha utumbo. Vivyo hivyo ugonjwa wa Parkinson, kiharusi, na uti wa mgongo ulioumia. Katika eneo letu uti wa mgongo unaumia kwa risasi na kwa ajali za pikipiki, na anayekaa kwenye kiti cha magurudumu anahitaji kufundishwa namna ya kupanga choo chake kila siku, sawa na anavyofundishwa kujihami na vidonda vya kulala.

Mtoto asiyetoa kinyesi cheusi

Kwa mtoto mchanga hesabu ni ya saa, si ya majuma. Kinyesi cha kwanza, kile cheusi kinachonata kama lami, kinapaswa kutoka ndani ya saa 24, na karibu kila mtoto aliyetimiza miezi ya mimba anakuwa amekitoa kabla ya saa 48. Asipokitoa, tumbo likavimba na akatapika rangi ya kijani, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa njia ya haja kubwa haikufunguka, jambo ambalo mkunga anaona akimgeuza mtoto tu. Inaweza pia kuwa ugonjwa unaobeba jina la munganga wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo inakosa chembe za fahamu, kwa hiyo haisukumi. Inatokea kwa mtoto mmoja hivi kati ya 5.000, wavulana zaidi ya wasichana, na inatibiwa kwa upasuaji.

Kwetu watoto hao mara nyingi hawatambuliwi siku ya pili. Wanatambuliwa wakiwa na miaka mitatu au minne, tumbo kubwa, mikono myembamba, baada ya dawa za minyoo kumi na mlo wa watoto wenye utapiamlo. Mama akiulizwa, anakumbuka: tangu kuzaliwa hakuwahi kuenda choo bila kusaidiwa. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko picha nyingi za hospitali.

Upande wa pili, mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita wiki sita, anaweza kukaa siku kadhaa, hata juma, bila choo, na asiwe na shida yoyote ikiwa ananyonya, anakua na choo kinatoka laini. Huyo hahitaji pwari. Hapa nasema wazi: lavema ya majani, tangawizi au pilipili kwa mtoto mchanga ni hatari. Utumbo wake ni mwembamba kama karatasi, unaungua, unaweza kutoboka, na sumu ya majani inapita moja kwa moja kwenye damu na kuumiza figo. Na asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za ugonjwa wa botulizimu, ambao dalili yake ya kwanza kwa mtoto ni kukosa choo, kisha kulegea shingo na kushindwa kunyonya.

Kwa watoto wa shule sababu ya kawaida ni nyepesi zaidi. Siku moja choo kilimuuma, akaogopa, akaanza kubana. Kinaganda, kinauma zaidi, anabana zaidi. Baadaye nguo ya ndani inachafuka bila yeye kujua, na nyumbani anapigwa kwa uchafu. Fimbo haifungui choo.

Tumbo linapovimba ghafla

Kuna hali moja ambayo wapasuaji wa Afrika wanaijua kuliko wenzao wa Ulaya: utumbo kujisokota. Kwa watu wengine sehemu ya chini ya utumbo mpana ni ndefu sana, na siku moja inazunguka juu ya shina lake kama kamba. Wengi wamewahi kusikia dalili ndogo kabla, tumbo linafunga siku mbili, linafunguka lenyewe, miezi inapita. Halafu siku moja haifunguki. Tumbo linavimba upande mmoja, hewa haitoki hata kidogo, maumivu yanapanda, kisha kutapika. Damu haifiki tena kwenye utumbo na unaanza kuoza. Wakati huo ni saa zinazohesabiwa. Hospitalini wanaweza kupitisha mpira kutoka chini ili kuufungua, au wanapasua.

Ni katika hali kama hiyo mafuta ya mbono, vidonge vya kuharisha na lavema vinaua. Njia imezibwa, na wewe unasukuma kwa nguvu. Kwa watoto bonge la minyoo mirefu linaweza kuziba hivyo hivyo, na kwa watu wazima henia iliyobanwa kwenye kinena, kifua kikuu cha utumbo, au makovu ya upasuaji wa zamani. Kanuni ya waganga ni rahisi: tumbo limevimba, hewa haitoki, unatapika, usimeze kitu cha kuharisha. Tafuta pikipiki.

Kile kidole

Kansa ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa ni ya tatu kwa wingi duniani kati ya kansa zote. Barani Afrika wagonjwa wengi wanafika wakiwa bado na umri mdogo na ugonjwa umekwenda mbali. Mtu mwenye miaka zaidi ya 45 ambaye choo chake kimebadilika bila sababu, mtu wa umri wowote anayeona damu, anayepungua kilo, aliyepauka kwa upungufu wa damu, au ambaye mzazi au ndugu yake alikuwa na kansa hiyo, asikubali kutoka kwa munganga bila kupimwa. Damu si lazima iwe bawasiri, hata kama bawasiri unayo kweli.

Kamera ya kuangalia utumbo ipo kwenye hospitali chache kubwa za mijini, na bei yake si ya kila mtu. Lakini kidole kiko katika kila kituo cha afya, hata kile cha mwisho wa barabara kule Bunyakiri au Walungu. Hakigunduwi uvimbe ulio juu, ila ule wa chini kinaugundua, na kinagundua pia choo kilichoganda, mpasuko unaouma na misuli inayokaza. Waganga na wauguzi niliozungumza nao wanakiri kwamba mara nyingi wanakiruka. Chumba hakina pazia, foleni ni ndefu, mgonjwa ana haya, na muuguzi mwenyewe ana haya. Mwanamke akitaka muuguzi wa kike awepo, ana haki ya kuomba. Munganga asipopendekeza, mgonjwa anaweza kuuliza mwenyewe. Mama mkubwa anasema laiti angejua kwamba anaweza kuuliza.

Kwa wale wasio na dalili hizo, mambo ya kuanza nayo nyumbani yanajulikana. Maharagi na majani kila siku, papai au parachichi ikipatikana, maji zaidi, kutembea. Kwenda choo asubuhi baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaamka. Choo cha kuchuchumaa tulichorithi kwa babu ni kizuri kuliko cha kukaa. Mwenye cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande. Majuma mawili matatu ya hayo yakipita bila badiliko, mtu aende kituo cha afya, abebe na makaratasi au maboksi ya dawa zote anazotumia.

Mama mkubwa alipasuliwa. Pesa zilitoka kwenye likirimba ya wauza samaki na kwa watoto wake walio Uvira. Hapa Kivu hatukupata tiba ya mionzi, kwa hiyo ilibidi avuke Ruzizi hadi Kigali, majuma kadhaa kwenye chumba cha kukodi. Sasa choo chake kinatoka kwenye mfuko uliobandikwa ubavuni. Mifuko hiyo ni migumu kupatikana Bukavu, na kuna miezi aliyoshona ya plastiki na kitambaa kwa mkono wake. Amerudi sokoni. Wanawake wanaomjua wanamjia nyuma ya meza, wanainama, wananong'ona, naye anawauliza kwa sauti yake ileile kubwa, mbele ya wateja, mara ya mwisho ilikuwa lini na kulikuwa na damu au la.

Mwezi uliopita binti yake alijifungua mtoto wa kiume, alfajiri. Mama mkubwa alikaa pembeni ya kitanda na simu mkononi akihesabu saa. Saa nne za usiku siku hiyo hiyo alinipigia. Nilishtuka, nikafikiri kuna msiba. Alikuwa anapiga kunieleza kwamba mjukuu amekwenda choo, cheusi kabisa, kama lami.